Kitabu cha Kliniki Nilichokificha

Kitengela, alasiri, siku moja kabla hujaondoka

Mutheu mama,

Umeenda kusukwa na najua utakawia, kwa sababu yule msusi wako anafanya kazi kwa mdomo kuliko kwa mikono. Nimefunga mlango wa chumba cha kushonea, nimesukuma cherehani pembeni, nimekaa kuandika. Mambo ya sweta, sabuni na maji ya kuchemsha sitayagusa. Shangazi yako Ndinda ameyasema tangu Jumatatu, na kesho asubuhi akija kukusindikiza atayasema tena. Mimi niko na jambo moja tu, na nimekaa nalo tangu kabla hujazaliwa.

Jumapili ulisimama kanisani wakakuombea. Mchungaji alikupa kipaza sauti, ukasema unaenda Meru kusomea uuguzi kwa sababu ulizaliwa pacha, na dada yako alikufa kwa uzembe wa nesi mmoja wa Kajiado aliyeenda kutafuta makaratasi huku mama yako akiumwa na uchungu. Ukasema unataka kuwa nesi wa aina nyingine. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, nikiwa nimevaa lile gauni nililolishona kwa ajili ya siku hiyo, na nilipiga mpaka viganja vikawasha. Nilijua nikitulia nitalia, na watu wangedhani nalia kwa furaha.

Yule nesi hakumuua dada yako. Habari hiyo uliipata kwa baba yako, na baba yako aliipata kwangu. Sikuitunga kwa maneno mengi. Niliitunga kwa kukana mara tatu tu, na ikatosha. Nataka uijue yote kabla hujavaa hiyo sare.

Nilipokuwa na miaka kumi na saba, nyumbani Makueni, nilipata mimba. Ilitoka yenyewe nikiwa na miezi minne. Mama yangu aliniuguza kimya kimya, akaniambia nisimwambie mtu, na zaidi ya wote nisimwambie mwanamume atakayekuja kunioa. Nilimtii. Baba yako alipokuja na wazee wake, waliambiwa hapa kuna msichana wa kwaya, hana doa. Alinipenda kwa mambo mengine mengi, Mungu amrehemu, lakini hilo la kutokuwa na doa alipenda kulirudia mbele za watu. Kila akilirudia mimi nilikuwa nikiangalia chini, na watu walisema ni adabu.

Tulianza maisha Kajiado, yeye akiwa fundi wa mawe. Nilipochukua mimba yenu nilienda kliniki mapema, kwa siri, baba yako akiwa kazini, kwa kuogopa maswali ya manesi mbele yake, na hilo la kwenda mapema ndilo jambo moja nililofanya sawasawa. Ilikuwa hospitali ndogo ya misheni nje ya mji. Nesi wa kliniki ya wajawazito alikuwa Mmaasai, Sista Naserian, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alikuwa akiandika polepole mpaka watu kwenye foleni wakawa wanaguna. Aliniuliza hii ni mimba ya ngapi. Nilikuwa peke yangu naye, mlango umefungwa, nikajikuta nimesema ukweli: ya pili, ya kwanza ilitoka. Akaandika hivyo kwenye kitabu changu cha kliniki. Hakuinua hata nyusi. Nilitamani kumkumbatia.

Akanituma skani nikiwa na wiki kumi na mbili. Mtu wa skani aliona wawili, nami nikacheka mpaka akaniomba nitulie aweze kuona. Kisha akarudia kuangalia pale pale mara nyingi, akitafuta kitu. Sista Naserian ndiye aliyekuja kunieleza, kwa kunichorea. Kuna mapacha ambao kila mmoja ana kondo lake la nyuma, alisema, na hao hawasumbui sana. Kuna wengine wanaotumia kondo moja, katikati wametenganishwa na utando mwembamba tu, na damu inaweza kutoka kwa mmoja ikaingia kwa mwenzake. Ninyi mlikuwa hao wa pili.

"Hawa wako kwa sahani moja," aliniambia. "Saa ingine mmoja anakula ya mwenzake, na huwezi sikia mtu akilia. Lazima tuwachungulie kila wiki mbili."

Tangu wiki ya kumi na sita wangekuwa wakiangalia maji ya kila mtoto, na kama mnakua sawa. Mmoja akianza kuzidiwa, wangenipeleka Nairobi kwa wakubwa wao mapema, kabla mambo hayajaharibika. Halafu akaniambia jambo ambalo nimelikumbuka kila siku ya maisha yangu. Swali la kondo moja au mawili hujibiwa vizuri mwanzoni tu. Tumbo likishakuwa kubwa, hata mtaalamu anaweza kudanganyika. Ndiyo maana alichukua biro nyekundu akaandika kwa herufi kubwa: kondo moja, kila wiki mbili. Akasema nikihama, huo ndio ukurasa wa kwanza wa kuonyesha huko niendako.

Huo ukurasa, mwanangu, ulikuwa ule ule. Juu palikuwa na mimba yangu ya Makueni. Chini palikuwa na maneno mekundu. Singeweza kuonyesha ya chini bila ya juu kuonekana.

Wiki tatu baadaye tulihamia huku Kitengela. Nyumba zilikuwa zinajengwa kila upande na baba yako alipata kazi nyingi. Ndinda, dada yake, ndiye aliyetutafutia chumba. Alikuwa anafanya kazi mapokezi katika kliniki ndogo hapa mtaani, na kila kitabu kilipitia mikononi mwake kabla hakijafika kwa daktari. Alinishika mkono akanipeleka mwenyewe, akifurahi kuliko mimi. Aliniuliza kama nilikuwa nimeanza kliniki Kajiado. Nikasema bado. Alinigombeza, akacheka, akachukua kitabu kipya na kuandika kwa mkono wake: mimba ya kwanza. Nilimwangalia akiandika. Kitabu cha Naserian kilikuwa nyumbani, kwenye kikapu cha vitambaa.

Usije ukadhani nilikuwa mshamba asiyejua. Nilijua. Ningeweza kusema kwa mdomo tu kwamba nimeambiwa kondo ni moja, lakini Ndinda angeuliza nimeambiwa na nani na karatasi iko wapi. Ningeweza kumwomba daktari nimwone faraghani. Ningeweza kurudi Kajiado kila wiki mbili nikisema naenda kumsalimia rafiki, si mbali. Yote haya niliyafikiria nikiwa kwenye cherehani hii hii, na kila siku niliamua nitafanya kesho. Niliogopa kurudishwa kwetu na tumbo la mapacha. Sasa nikikuandikia hivi naona lilikuwa jambo dogo. Wakati ule lilikuwa kubwa kuliko ninyi wawili, na hilo ndilo linaloniuma kulisema.

Kisha nikafanyiwa skani hapa Kitengela, wiki ya ishirini na mbili. Daktari alikuwa kijana mpole. Alizungusha kile kifaa tumboni, akasema wote ni wasichana, na anaona kama makondo mawili yaliyokaa karibu karibu. Nirudi baada ya mwezi. Mtu mwingine angekuwa na haki ya kumwamini. Mimi nilikuwa nimeshaonywa kwamba nitaambiwa hivyo hivyo. Lakini lilikuwa jibu lililonifaa, nikalichukua. Nilitoka pale naimba, Mutheu. Ndinda aliniuliza ni nini kinanifurahisha hivyo, nikamwambia ni wasichana.

Kwenye wiki ya ishirini na sita tumbo likafura kwa siku chache tu. Ngozi ilinyooka ikang'aa, sikuweza kulala wala kumaliza sentensi bila kutafuta pumzi. Akina mama wa kanisa walinijia na uji, wakaniambia mapacha ndivyo walivyo, nisiwe mwoga. Walinipapasa wakasema nimebarikiwa. Mimi nilikuwa nasikia mtoto mmoja tu akicheza. Upande wa kushoto palikuwa kimya, kama kuna mtu amejibana kwenye pembe ya chumba. Nilikuwa nagonga pale kwa vidole na kusubiri. Halafu nainuka naendelea kushona.

Asubuhi ya Jumanne moja, kabla hata sijafika wiki ya thelathini, maji yalivunjika nikifua nguo. Baba yako alikimbia kwa jirani mwenye pikapu. Tulitaka kwenda Nairobi, lakini barabara ilikuwa imefungana upande wa Athi River, magari hayasongi, na baba yako akamwambia jirani ageuze tuelekee Kajiado, kwa wale wamisheni anaowajua. Nilipoelewa tunakokwenda nilimsihi turudi. Alidhani ni uchungu unaosema. Ndinda, tuliyempitia njiani, alinipangusa jasho akaniambia nitulie.

Sista Naserian alikuwa zamu ya wodi ya kujifungulia. Aliniona nikishushwa, akaja haraka, akanijua papo hapo.

"Mama, pole. Kitabu iko wapi, ile niliandika na biro nyekundu?"

Ndinda aliuliza ni kitabu gani. Baba yako akaniangalia. Mutheu, nilikuwa na nafasi ya mwisho hapo, hata kwa kutikisa kichwa.

"Simjui huyu," nilisema. "Sijawahi kuja hapa."

Naserian aliinama karibu na sikio langu. "Si wewe ndio ule wa kondo moja?" aliuliza polepole. Nikasema hapana. Ndinda akatoa kitabu chake kipya, na ndani kulikuwa kumeandikwa makondo mawili. Naserian alikisoma, akaniangalia, akatoka kwenda kutafuta kwenye rejista. Alitaka kuwapigia Nairobi na kuwaambia jambo la hakika. Hakuniona humo, kwa sababu kule Kajiado nilikuwa nimeandikwa kwa jina la baba yangu, na Ndinda alikuwa amenitaja kwa jina la mume. Dakika hizo alizokuwa nje ndizo baba yako alizizungumzia mpaka kufa kwake. Aliporudi alifanya kila kitu kama mtu aliyeamini macho yake na si mdomo wangu. Alimwita daktari, akaandaa vitambaa viwili, akaagiza gari la wagonjwa likae tayari.

Dada yako alitangulia. Alikuwa mdogo sana, amepauka, mikono imekonda kama ya mzee. Wewe ulikuja nyuma yake mwekundu na umevimba, umejaa damu na maji ambayo nusu yake ilikuwa ya dada yako. Hilo si kosa lako hata kidogo, na ndiyo maana nimeogopa kukueleza jinsi ilivyokuwa. Kondo lilipotoka, Naserian alilinyanyua kwa mikono miwili. Lilikuwa moja. Alinionyesha mimi peke yangu, baba yako akiwa nje. Dada yako aliishi mpaka saa sita mchana. Wewe ulipelekwa Nairobi, na nikakubeba kifuani kwangu wiki sita, ngozi kwa ngozi, mpaka wakaturuhusu.

Baba yako alilia, kisha akahitaji mtu wa kumkasirikia. Yeye na wazee wawili wa kanisa waliwaandikia wakubwa wa ile hospitali kwamba nesi aliacha mgonjwa akaenda kupekua vitabu. Niliitwa. Chumba kilikuwa na meza ndefu, na Naserian alikuwa amekaa mwisho wake, mikono mapajani. Waliniuliza swali moja tu, kama niliwahi kuhudhuria kliniki yao. Nikasema hapana. Yeye hakubishana. Labda aliona baba yako amekaa kando yangu akaelewa ni kitu gani nilikuwa nalinda. Ile siri niliyompa mlango ukiwa umefungwa, hakuitoa nje, ingawa ingemwokoa. Walimwondoa wodini. Baada ya muda nikasikia ameacha kazi.

Kile kitabu nilikichoma kwenye jiko wiki niliyorudi nyumbani. Kwa hiyo sina cha kukuonyesha. Una neno langu tu, na umeshaona neno langu lina uzito gani.

Kuna jambo lingine sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Miaka minne iliyopita nilipeleka sare za shule Kiserian, nikapita kando ya soko la mifugo. Naserian alikuwa pale, amejifunga shuka, anauza mbuzi. Alikuwa amezeeka kidogo tu. Alinisalimia yeye kwanza, "Supa," nami nikaitika "Ipa" kama tunavyoitikia wote huku. Nilidhani atanitukana. Nilitaka anitukane.

"Ule mtoto mwingine," aliniuliza, "aliishi?"

Nikamwambia uliishi, na ndiyo umeingia fomu wani.

"Ashe," alisema, asante kwa Kimaasai, na sidhani alikuwa ananishukuru mimi. Kisha mteja akamwita, akarudi kwa mbuzi wake. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo. Neno lilikuwa pale kwenye ulimi. Nikaenda kununua uzi.

Baba yako alizikwa mwaka jana akiamini alioa msichana asiye na doa na kwamba mtoto wake aliuawa na nesi. Nimekuwa nikijiambia nilimkinga na maumivu. Ni uongo. Nilijikinga mimi, naye akabaki na chuki iliyomla miaka yote, chuki dhidi ya mtu asiye na hatia. Sasa umeirithi wewe, na unaenda kuifanyia kazi.

Sijui kama dada yako angepona. Hata Naserian siku ile ya kuchora hakuniahidi kitu, alisema wengine huwahiwa na wengine hawawahiwi. Ningekuwa nimeonyesha ule ukurasa, huenda ningezika mtoto vilevile. Lakini ningemzika nikijua tulimtafuta. Hiyo "huenda" sijawahi kuimaliza, na sitegemei kuimaliza.

Utakapokuwa nesi, wanawake watakaa mbele yako na kukudanganya. Hawatakuwa wajinga. Atakwambia ni mimba ya kwanza huku macho yake yako kwa mtu aliyemsindikiza. Mwambie huyo msindikizaji akachukue maji, akalete kadi, aende popote, halafu funga mlango na uulize tena. Naserian aliujua mlango huo siku ya kwanza. Siku ya mwisho, kwa haraka ya kutuokoa, aliuliza mbele ya watu, na mimi nikapata pa kujifichia. Simlaumu. Nakwambia tu mahali ambapo mtu kama mimi anaweza kukuponyoka mikononi.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii niiweke ndani ya sanduku lako, uikute ukishafika Meru, ulie huko na wenzako, na mimi nisiuone uso wako. Nimefika hapa nikajiona. Ndivyo nilivyo, karatasi yangu hufika wakati haimsaidii mtu tena. Kwa hivyo nakupa mkononi leo, ukiingia tu, kabla hujavua viatu. Utaisoma mimi nikiwa nimesimama mbele yako, na utakalouliza nitajibu. Kesho Ndinda akifika nitamwambia mwenyewe, akipenda anitukane sebuleni kwetu.

Nasikia sauti yako getini, unaongea na mtoto wa jirani. Nilikuwa nataka kukuomba msamaha mwishoni hapa, lakini wewe si wa kwanza kwenye foleni hiyo. Ukisema twende Kiserian leo hii, navaa viatu. Ukisema niende peke yangu, nitaenda. Ukitaka kuondoka kesho bila kunipa mkono, sitakufuata nyuma. Kitu kimoja tu usiniambie, kwamba hayo ni mambo ya zamani. Naserian bado anauza mbuzi.

Mama yako